UZI: Johns Hopkins na idara ya upasuaji wa ubongo iliyojengwa na mwalimu na mwanafunzi wasiopikika chungu kimoja

mzee wa makabrasha:
Wakuu habari za mihangaiko. Huu uzi nimeuahidi muda mrefu leo nimepata upenyo, ngoja niushushe kwa vipande maana naandikia simu na vidole vyangu vinene hivi, mnivumilie.

Ukitaja Johns Hopkins, ile hospitali ya kufundishia ya Baltimore kule Marekani, kwenye habari za ubongo wengi jina linalowajia ni Ben Carson. Sawa, tutafika kwake. Ila Carson aliikuta nyumba imeshaezekwa kitambo. Waliochimba msingi ni wawili, Harvey Cushing na Walter Dandy, na hao watu walichukiana chuki ya kweli kweli. Ninachosema mimi ni kwamba bila lile bifu idara isingekuwa vile ilivyo. Mwenye kubisha abishe ila aje na nondo.

Hospitali ilifunguliwa 1889 kwa hela za mfanyabiashara Johns Hopkins (ndio, jina la kwanza lina s mwishoni, acheni kuandika John). Alifariki 1873 akaacha dola milioni 7 zigawanywe, chuo kikuu na hospitali. Mkuu wa upasuaji wa kwanza akawa William Halsted, na huyu mzee peke yake anastahili uzi wake. Alijifanyia mwenyewe majaribio ya kokeini kama dawa ya ganzi mpaka ikamteka, akaja kuhamia kwenye mofini, akawa teja wa siri miaka na miaka, na humo humo akawa ndo mpasuaji anayeheshimika kuliko karibu wote Marekani. Mashati yake alikuwa anayatuma Paris yakafuliwe huko!! Na zile glavu za mpira, nesi wake wa thieta Caroline Hampton mikono ilikuwa inababuka kwa dawa ya kuulia vijidudu, Halsted akaagiza kampuni ya Goodyear itengeneze glavu nyembamba kwa ajili yake, na 1890 wakaoana. Yaani kabla hazijawa za kumlinda mgonjwa zilikuwa za kulinda mikono ya bibie.

Halsted ndo aliyeleta mtindo wa residensi Marekani, kijana anaishi hospitali miaka mingi, wanaingia wengi wanatoka wachache. Kwenye mtambo huo ndo akaingia Cushing 1896. Naendelea baadaye kidogo.

kijiti cha mbali:
Naweka kambi hapa. Mkuu tiririka

mtoto wa jumatano:
Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu usitufanyie kama ule uzi wa reli uliishia sehemu ya 2 ukapotea mwaka mzima.

mzee wa makabrasha:
Mtoto wa jumatano ule uzi wa reli simu iliibiwa jamani, mbona nilishaomba radhi.

Tuendelee. Cushing kazaliwa 1869 Cleveland, baba daktari, babu daktari, baba wa babu daktari. Kasoma Yale halafu Harvard. Akiwa bado mwanafunzi wa udaktari aliwahi kumpa mgonjwa nusukaputi ya etha mgonjwa akafia mkononi, ikamuuma sana, ndo yeye na mwenzake Codman wakaanza kuandika kwenye karatasi mapigo ya moyo na pumzi za mgonjwa muda wote wa operesheni. Leo hiyo chati iko kila thieta duniani.

Hopkins alikuta Halsted mara yupo mara hayupo (sababu nishawaambia), kwa hiyo kazi nyingi zinamwangukia yeye na wenzake. 1900 akaenda Ulaya mwaka na ushee. Bern Uswisi kwa mpasuaji Kocher akafanya majaribio kwa wanyama, unaongeza msukumo wa maji ndani ya fuvu unaangalia presha ya damu inafanyaje. Akapita Pavia Italia akaona kifaa cha Riva-Rocci, ule mpira unaofungwa mkononi kupima presha, akaupenda akaubeba mpaka Baltimore 1901. Huko madaktari wengine bado walikuwa wanasema kidole changu kwenye mshipa kinanitosha.

Aliporudi akamwambia Halsted anataka ajikite kwenye upasuaji wa mfumo wa fahamu peke yake. Halsted hakuona hao wagonjwa watatoka wapi. Na mumwelewe mzee, enzi hizo kufungua fuvu ilikuwa kama hukumu, wagonjwa wengi walikuwa hawashuki mezani wazima, na wale wa mwanzo mwanzo wa Cushing mwenyewe hali ilikuwa hivyo hivyo. Jamaa hakukubali. Akawa anapasua taratibu mno, anazuia damu mshipa kwa mshipa, tishu anaishika kama yai, operesheni moja masaa mengi, akimaliza anakaa chini anachora kwa mkono alichokiona humo ndani (alikuwa fundi wa kuchora kwelikweli). 1910 akamtoa Jenerali Leonard Wood, mkubwa wa jeshi la Marekani, uvimbe kwenye utando wa ubongo, jenerali akarudi kazini akapiga miaka mingine 17. Ilivuma sana. Kuanzia hapo swali la wagonjwa watatoka wapi likafa.

dada nesi:
Mimi nipo ICU (wodi ya wagonjwa mahututi) mwaka wa 9 sasa na hilo jaribio la Bern ndo tunalitumia kila siku jamani. Mgonjwa wa kichwa ukiona presha inapanda, mapigo ya moyo yanashuka na kupumua kumekuwa hovyo hovyo, hapo usiende kunywa chai, piga kelele daktari aje. Tulifundishwa kwa jina lake kabisa, dalili tatu za Cushing. Maana yake ubongo unabanwa, mwili unapandisha presha ili damu ilazimishe kufika juu. Sikujua kama alianzia kwa wanyama Uswisi. Asante kaka kwa uzi

bishoo mkongwe:
Umeandika vizuri lakini mbona mpaka sasa hilo bifu hatulioni? Naona sifa za Cushing tu. Alafu ugonjwa wa Cushing si ule wa uso kuvimba kama mwezi? Ni huyo huyo?

mzee wa makabrasha:
Ni huyo huyo. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, pituitari, inapata kauvimbe, mwili unajaa homoni, uso unakuwa duara, tumbo linakuwa kubwa miguu inabaki myembamba. Kitabu chake kizito cha hiyo tezi kilitoka 1912 akiwa bado Hopkins, ila ugonjwa wenyewe aliuchambua vizuri 1932.

Haya, bifu. Shikeni viti.

Walter Dandy, kazaliwa 1886 Sedalia Missouri, familia ya kawaida tu ya reli, kamaliza udaktari Hopkins 1910. Dogo kichwa hatari. Akapelekwa maabara ya Hunterian, ile ya kufanyia majaribio kwa mbwa ambayo Cushing ndo alikuwa anaiendesha. Mwaka mmoja ulitosha, hawakuelewana hata chembe. Mwaka 1912 Cushing anahamia Boston hospitali mpya ya Peter Bent Brigham, Dandy anajua anakwenda naye, mara dakika za mwisho anaambiwa wewe haupo kwenye safari. Fikiria kijana wa miaka 26, nafasi Boston hana, na Baltimore nafasi yake imeshahesabiwa kuwa anaondoka. Uongozi wa hospitali ndo ukamtafutia pa kujishikiza.

Sasa angalia alichofanya huyo aliyeachwa stendi. 1913 na 1914, yeye na daktari wa watoto Kenneth Blackfan, wakaziba kile kimfereji chembamba cha maji ndani ya ubongo wa mbwa, mbwa akapata ugonjwa wa kichwa kikubwa. Hapo ndo ikaeleweka kwa ushahidi maji ya ubongo yanatengenezwa wapi, yanapita wapi na yakizibwa nini kinatokea. Kabla ya hapo watoto wa kichwa kikubwa ilikuwa ni kubahatisha tu.

Halafu 1918 akaja na lile la hewa ambalo mpaka leo nikilifikiria nachoka. Hilo nalipa posti yake.

kijiti cha mbali:
Aliyeachwa stendi 😂😂 nimecheka peke yangu watu wananiangalia

bishoo mkongwe:
Hapo sasa umenipata. Ila pole pole mkuu, tusije tukamfanya Dandy malaika. Nilichowahi kusoma huyo naye alikuwa mkali balaa, wasaidizi wake walikuwa wanakiona cha moto thieta.

mzee wa makabrasha:
Bishoo nani kasema malaika, wote wawili walikuwa pilipili.

Hewa sasa. Eksirei inaona mfupa. Ubongo na maji yake vyote vinatoka kivuli kile kile, kwa hiyo daktari wa 1917 ana mgonjwa anaumwa kichwa, anatapika, macho yanafifia, anajua kuna uvimbe lakini hajui uko wapi. Anapima mguu upi dhaifu, jicho lipi limelala, anakisia, anafungua fuvu, mara nyingi anakuta hakuna kitu uvimbe uko kwingine kabisa. Dandy aliona jinsi hewa inavyojitokeza wazi kwenye eksirei ya tumbo. Akajiuliza, je nikiiweka kichwani? Ndani ya ubongo kuna vyumba vya maji, ventrikali. Akatoboa tundu dogo kwenye fuvu, akawa ananyonya maji kidogo anarudisha hewa, anatoa anarudisha, halafu anapiga eksirei. Vile vyumba vikajichora kama ramani. Kama chumba kimesukumwa kulia basi uvimbe uko kushoto, kama mlango umeziba unaona umezibia wapi. 1919 akaongeza njia ya kuingiza hewa kupitia uti wa mgongo.

Ilikuwa inauma?? Kichwa kinapasuka, mgonjwa anatapika hadi nyongo, na wengine walikufa. Lakini iliendelea kutumika zaidi ya miaka 50 mpaka mashine ya CT ikaja, skani ya kwanza ya mgonjwa Uingereza 1971. Nusu karne dunia nzima wanapumulia hewa ya Dandy. Na Cushing mwanzoni hakuichangamkia hata kidogo, aliona inaua na inawafanya madaktari wavivu wa kumpima mgonjwa kwa mikono.

mtoto wa jumatano:
Kwenye hilo la uvivu mbona Cushing alikuwa na pointi? Siku hizi unaingia kwa daktari hajakugusa hata bega ushaandikiwa skani. Mi nilienda na mama, sitaji wapi, daktari macho kwenye kompyuta mwanzo mwisho

dada nesi:
Usitugombanishe na madaktari wetu jumatano 😄 ila kweli.

mzee wa makabrasha:
Mlipuko wenyewe ulikuwa 1922. Kuna uvimbe unaota kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia, pembeni ya shina la ubongo, sehemu mbaya hiyo. Cushing alikuwa ameuandikia kitabu 1917, mbinu yake ilikuwa kuukomba kwa ndani unaacha ganda, mgonjwa anapona kwa muda, uvimbe unarudi. Dandy akatoa taarifa fupi kwamba yeye ameutoa wote, ganda na vyote, na kwenye taarifa jina la Cushing halionekani. Yaani unaandika habari za shamba ambalo mwalimu wako ndo kalifyeka hata salamu hutoi. Cushing akaandika barua ya hasira, na kuanzia hapo basi tena.

Lakini tazameni faida yake kwa mgonjwa. Boston mmoja anapunguza vifo, anatumia klipu ndogo za fedha kubana mishipa, 1926 anakuja na mashine ya umeme ya Bovie ya kukatia na kukaushia damu, 1931 anafikisha uvimbe wa ubongo wa 2000 uliothibitishwa. Baltimore mwingine anakwenda pale mwenzake anapoogopa. Uvimbe uliokuwa unaachwa ganda sasa unatoka wote, na waliofuata nyuma yao wakachukua usalama kwa huyu na ujasiri kwa yule.

1923 Dandy akawatengea wagonjwa wake waliotoka kupasuliwa chumba chenye vitanda 3 na manesi wao maalumu. Hiyo inatajwa sana kuwa ndo ICU ya kwanza.

bishoo mkongwe:
Chai hiyo. ICU ya kwanza ni Copenhagen, Bjørn Ibsen, mlipuko wa polio 1952, wanafunzi wa udaktari wakawa wanapokezana kukamua mpira wa hewa kwa mkono usiku na mchana wagonjwa wapumue, 1953 ndo wodi ikafunguliwa. Hilo halina ubishi.

dada nesi:
Bishoo inategemea wewe ICU unaielewaje. Kama ni mashine ya kupumulia basi ni Copenhagen, kaka yuko sawa. Kama ni wagonjwa mahututi kuwekwa pamoja karibu na macho ya nesi anayejua anachokitafuta, basi vitanda 3 vya Baltimore vinaingia. Sisi kazi yetu kubwa ni kuangalia bwana, mashine ni msaidizi. Mgonjwa wa kichwa anaweza kuharibika ndani ya dakika 20 wodini pale penye nesi mmoja wagonjwa 30 nani atamuona

bishoo mkongwe:
Sawa dada nesi kwa heshima yako narudisha upanga alani. Kwa leo.

mzee wa makabrasha:
Nashukuru dada umenisaidia nilikuwa natafuta pa kutokea.

Machi 1937 Dandy akafanya ambalo hata asingefanya lingine lingetosha. Mwanaume wa miaka 43 jicho limelala halifunguki, mshipa mkubwa wa damu chini ya ubongo umetunga kipira, anurizimu, kikipasuka unaondoka. Akaingia akabana shingo ya kile kipira kwa klipu ya fedha, mgonjwa akapona. Na klipu za fedha, mnakumbuka asili yake? Boston... hapana, Cushing alizitoa 1911 akiwa bado Hopkins. Dawa ya bifu ilikuwa kwenye boksi lile lile la vifaa.

Kakitu kadogo pembeni, 1941 yeye na daktari wa mifupa George Bennett walitengeneza kofia yenye vibamba vya plastiki ya kulinda kichwa kwa wachezaji wa besiboli wa Brooklyn Dodgers. Dandy akafa 1946 kwa moyo, miaka 60 tu.

kijiti cha mbali:
Baada ya hapo kimya mpaka Carson?

mzee wa makabrasha:
Hapana. 1947 akaja A. Earl Walker, Mkanada, bingwa wa kifafa, akakaa mpaka 1972. Mnajua ule ugonjwa wa watoto unaitwa Dandy-Walker, sehemu ya katikati ya ubongo mdogo (ule wa nyuma) haikukua vizuri na maji yanajaa? Dandy aliuandika 1914, Walker 1942, yaani wakuu wawili waliofuatana kwenye kiti kimoja, na huyo wa pili aliuandika hata kabla hajakalia kiti. 1973 akaja Donlin Long, na kumbe muda wote huo upasuaji wa ubongo ulikuwa ni kitengo tu chini ya upasuaji wa jumla, kipindi cha Long ndo ukawa idara kamili inayojitegemea. Long alikuwa mtu wa maumivu, alihusika na kile kimashine cha kubandika mgongoni kinachotetemesha umeme kutuliza maumivu, mnakiona kwa wanaofanya mazoezi ya viungo. 2000 akampisha Henry Brem, aliyeshiriki kuleta vile vidonge bapa vya dawa ya saratani vinavyoachwa ndani ya ubongo pale uvimbe ulipotolewa, viliidhinishwa Marekani 1996.

Na Long ndo alimkuza Carson. 1984 Carson akapewa ukuu wa upasuaji wa ubongo wa watoto akiwa na miaka 33. Alifufua operesheni ya kutoa nusu nzima ya ubongo kwa watoto wenye kifafa kisichosikia dawa, nusu iliyobaki inajifunza kazi za mwenzake. Unajua nani aliifanya mwanzo kwa mgonjwa wa uvimbe? Dandy, miaka ya 1920. Kila mlango pale ukifungua unamkuta.

Septemba 1987 Carson na wenzake wakatenganisha mapacha wa Kijerumani walioungana nyuma ya kichwa, miezi 7, timu ya watu 70, masaa 22, mioyo ikasimamishwa kwa muda na miili ikapozwa.

mtoto wa jumatano:
Hao mapacha wa Ujerumani wengi hawasemi mwisho wake. Waliishi ndio ila hawakuja kuwa sawa kabisa. Watu wanaishia kwenye masaa 22 na makofi. Waliokuwa na mwisho mzuri ni wale wa Zambia, Desemba 1997, upasuaji ulifanyika Afrika Kusini pale chuo cha udaktari cha Medunsa, masaa 28, wote wawili wakatoka salama. Halafu Singapore 2003 wale dada wawili wa Iran, watu wazima, Carson alikuwa kwenye timu, wakafariki wote.

mzee wa makabrasha:
Jumatano umenizibia mdomo vizuri, nilikuwa naishia kwenye makofi mimi pia. Kabla ya wale wa Zambia walienda kwanza na picha za kompyuta za pande tatu wakafanya mazoezi ya mishipa yote kabla ya kushika kisu.

dada nesi:
Na weusi je? Maana nasikia wodi zilikuwa za ubaguzi pale

mzee wa makabrasha:
Zilikuwa, miaka mingi, wakati wosia wa mzee Hopkins mwenyewe ulitaka maskini wapokelewe bila kujali rangi. Vivien Thomas, mtu mweusi asiye na shahada, alifanya kazi kwenye maabara ya Hunterian, huko huko kwa mbwa wa Cushing na Dandy, akafanyia kazi mbinu ya kutibu watoto wa bluu, wale wanaozaliwa na kasoro ya moyo ngozi inakuwa bluu, 1944. Upande wa ubongo, mwanamke mweusi wa kwanza kukubaliwa residensi pale ni 2017, binti mzaliwa wa Ghana. Hesabuni wenyewe kutoka 1889.

bishoo mkongwe:
Mkuu mi bado nipo timu Cushing. Dandy alipita njia iliyofyekwa.

mzee wa makabrasha:
Sawa bishoo, basi chukua hii ukalale nayo. Cushing alifariki Oktoba 1939 kwa moyo. Walipompasua maiti wakakuta ndani ya ubongo wake, kwenye ventrikali ya tatu, kauvimbe ka sentimita moja hivi, yale malengelenge yenye ute mzito. Kalikaa humo mtaalamu mkubwa wa uvimbe wa ubongo duniani hana habari. Na aliyekuwa ameandika kitabu kizima 1933 cha uvimbe wa ventrikali ya tatu, namna ya kuufikia na kuutoa, ni Dandy. Alikuwa hai, miaka 53, yuko thieta Baltimore.

Simu asilimia 3, naenda kuchaji.